Mayai ya Kishingo

Jirani yetu mpya amefuga kuku. Hakumwambia mtu, lakini mvua ya juzi ilimsemea. Maranda ya bandani yalilowa, harufu ikapanda ukuta na kutuingilia sebuleni, na kabla chai haijapoa kundi la WhatsApp la mtaa lilikuwa limeshachafuka. Mmoja anataka mjumbe aitwe. Mwingine kaweka picha ya mtu kajibana pua kwa kibanio cha nguo. Mie sikuandika kitu. Nilikuwa nimesimama dirishani, pazia nimelisogeza, navuta pumzi ndefu ndefu hadi mume wangu akaniuliza kama kifua kimenibana.

Kifua kilikuwa salama. Harufu ile ilikuwa imenirudisha uani kwetu Mbagala, nilikokulia, na nilipofika sikuwa na haraka ya kuondoka.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vilivyokwisha na kimoja ambacho hakijaanza. Hicho cha tatu kilikuwa lundo la mchanga lililoegemea ukuta wa nyuma. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba, aliuleta mchanga ule ili ajenge chumba kwa ajili ya mtoto aliyekuwa njiani, kisha simenti ikachelewa. Walioufaidi ni kuku. Kila mchana walijichimbia humo, wakajirushia mchanga mgongoni huku macho wameyafumba nusu, wametulia utadhani wamelipia.

Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa anaatamia, hana muda na mtu. Wa pili alikuwa mtetea, hajajua bado kwamba kuna kazi inaitwa kutaga. Wa tatu ndiye Kishingo, na waliowahi kuishi na kuku wameshamwona kwa jina tu: wale wa kienyeji wanaozaliwa bila manyoya shingoni, shingo nyekundu, tupu tangu kidevuni hadi kifuani. Alikuwa mbaya wa sura na mkarimu wa mayai. Wenzake walipokuwa na visingizio vyao, yeye alitaga.

Kazi ya kuokota mayai ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la pili, nasoma asubuhi, na nikirudi mchana sikuvua hata sare. Naweka begi kizingitini, napiga magoti mbele ya banda, napitisha mkono hadi kwenye kiota. Yai lililotoka kutagwa lina joto la kipekee. Wala si la moto, wala si la jua. Wakati mwingine linakuwa na unyoya mdogo umenasa. Nilikuwa naliweka shavuni kwanza, halafu ndipo namkabidhi mama.

Mama aliyapika kwa namna mbili. Jumapili asubuhi ilikuwa ya kukaanga: kitunguu kinaanza kugeuka rangi, nyanya inaingia, hoho inafuata, kisha mayai yanamiminwa juu na sufuria linapiga kelele. Kiini cha Kishingo kilikuwa na rangi ya embe lililoiva mtini. Haya ya trei ninayonunua sasa yana umanjano wa mtu anayeumwa. Siku nyingine aliyachemsha, akayamenya, akayadunga dunga kwa uma ili yanywe mchuzi, akayatumbukiza kwenye rojo la nazi na binzari. Wali ukipakuliwa kila mtu alipata yai lake, na mie na baba tulishindana nani atalibakiza la mwisho sahanini. Baba alikuwa anashindwa kwa makusudi. Hilo nimelijua ukubwani.

Wakati ule mama alikuwa mjamzito. Nilikuwa mtoto pekee na nilishachoka kuwa pekee. Aliniahidi kwamba akizaliwa wa kike, nitamsuka mimi mwenyewe, nikaanza mazoezi mara moja. Mahindi mabichi yote yaliyoingia ndani yalipikwa yakiwa yamesukwa ndevu zake.

Siku moja alirudi kutoka kliniki na kadi yake mkononi. Baba alipokuja kula, akamwambia, "Nesi kasema damu yangu ipo chini. Vidonge kanipa, ila ndiyo hivyo, nikimeza natapika. Kaniambia nile maini, matembele, na mayai. Yai kila siku, nisikose."

"Maini tutayatafuta," baba akasema. "Matembele yamejaa hapo nyuma. Mayai, Kishingo yupo kazini."

Tukacheka, yakaisha. Kesho yake nikapelekwa kusukwa kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa jirani yetu wa upande wa michongoma. Watoto wa mtaa mzima tulimwita bibi. Alisuka, alikanda wazazi, alinyoa vichanga siku ya arobaini, na hakuna ugonjwa ambao hakujua mti wake. Vidole vyake vilikuwa na nguvu. Akikusuka, nyusi zinapanda zenyewe na unakaa siku mbili una uso wa mtu aliyeshtuliwa. Siku hiyo nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake, na mama mmoja aliyekuja kuazima kinu alikuwa amesimama mlangoni wanazungumza.

"Mama wa huyu," Bi Tatu akamwambia, akiniinamisha kichwa, "nasikia kaambiwa ale mayai. Manesi wa siku hizi! Tangu lini mjamzito akala mayai? Mtoto anatoka kipara."

"Kweli, bibi?" nikauliza huku nimetazama chini.

"We tulia, usinitikisie kichwa. Kipara kama goti."

Nilitulia, nikaanza kuwafikiria wenzangu wa shule. Shuleni kwetu aliyenyolewa kipara alikiona. Alipigwa konzi kuanzia mstarini hadi kengele ya kwenda nyumbani, watu wanaimba "kipara ngoto." Na nywele za yule huota baada ya wiki mbili. Mdogo wangu, kwa nilivyoelewa mie, angekuwa hivyo maisha yake yote. Nitamsuka nini?

Nilifikiria kumwambia mama, nikaona hatanisikia. Ameshaambiwa na nesi. Nesi mwenyewe nilikuwa nimemwona. Alikuwa binti tu, ana chunusi shavuni. Bi Tatu alikuwa na mvi. Kati ya mwenye chunusi na mwenye mvi, mtoto wa darasa la pili hahitaji kufikiri sana. Na mchana ule nilipopiga magoti mbele ya banda, Kishingo akatoa kichwa nje na kuninyooshea shingo yake ile tupu. Nikapigwa na butwaa. Miezi yote tulikuwa tunakula mayai ya kuku mwenye kipara, na hakuna mtu aliyeona hatari iliyopo.

Nilichukua yai, nikalifunika kwa sketi, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikachimba kwenye mchanga hadi mkono ukafika kwenye ubaridi, nikaliweka, nikafukia, nikapiga piga juu kwa kiganja.

"Vipi leo?" mama akaniuliza jikoni.

"Hajataga."

Ulikuwa uongo wangu mkubwa wa kwanza, na ulitoka laini mno. Kumbe kuwa na sababu nzuri kunarahisisha.

Tatizo lilikuwa Kishingo mwenyewe. Kuku akishataga hutangaza, na yeye hakuwa na aibu. Alitoka nje na kupiga kelele hadi barabarani.

"Mbona kapiga kelele, na yai hakuna?" mama akaniuliza siku ya tatu.

"Anadanganya, mama."

"Kuku anadanganya?"

"Huyu anadanganya."

Mama alinitazama kidogo, akaendelea kuchambua mboga. Na mie nikaenda kukaa na njaa yangu, maana msisahau kwamba nilikuwa nimejinyima na mie mwenyewe. Jumapili ile tulikula mihogo na chai. Nilipita karibu na jirani anayekaanga mayai, nikasimama hapo nikimeza mate, nikajiambia ni kwa ajili ya nywele za mdogo wangu. Nilijiona mtu mwema sana.

Wiki ya pili baba akaanza uchunguzi. Alikagua banda zima akitafuta tundu la kenge. Akatafuta maganda, hakuna. Akanyunyiza majivu mlangoni ili aone nyayo, akaona zangu tu, na zangu zilikuwa na haki ya kuwepo. Bi Tatu aliyekuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya michongoma akamwita.

"Baba, usihangaike. Huyo anakula mayai yake mwenyewe. Kuku akishaonja haachi. Dawa yake ni sufuria."

Baba akacheka, akasema atamwangalia kwanza.

Kisha, Jumamosi, mama akaanguka. Alikuwa amesimama anaanika nguo, kanga moja imeshafika kambani, akakaa chini taratibu, halafu akalala ubavu. Nilidhani amechoka. Nilipomwita hakuitika. Nilipiga ukelele ambao hata mie uliniogopesha, Bi Tatu akapita katikati ya michongoma badala ya kuzunguka, baba akatoka na povu la sabuni kidevuni. Wakampepea, wakamnyunyizia maji, akafungua macho akauliza kanga yake iko wapi. Baba akaita bajaji wakaenda naye.

Waliporudi jioni, baba aliniketisha kwenye ngazi. "Mama yako hana damu ya kutosha," akasema. "Kazi nzito asishike. Utanisaidia, sawa?"

Nikaitikia. Halafu nikaenda kambani na kutafuta chini, kuanzia pale alipoanguka hadi mlangoni, niione ile damu imemwagikia wapi. Nilifikiri nikiiona nitawaonyesha. Niliona vibanio viwili vya nguo na mchwa.

Usiku ulipita salama. Asubuhi, Jumapili, nilimkuta baba amechuchumaa uani ananoa kisu kwenye jiwe. Bi Tatu alikuwa ameshawasha jiko, sufuria kubwa la maji linaanza kuimba. Kishingo alikuwa kafungwa miguu, amelazwa chini ya tenga, shingo yake imepita kwenye upenyo anatazama huku na huku.

"Mnafanya nini?"

"Tunampikia mama yako supu," baba akasema. "Huyu mayai hatoi, acha atoe mchuzi."

Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo kauegemeza ukutani, midomo imempauka. "Nitamkumbuka jamani," akasema. "Alinilisha."

Nilikuwa na mambo mawili mkononi na yote hayakubebeka. Nikisema, mayai yatatoka, mama atakula, mdogo wangu atakuwa kipara kama goti na atapigwa konzi hadi uzeeni. Nisiposema, Kishingo anachinjwa kwa wizi ambao nimeufanya mie, baada ya kumwita mwongo mbele ya watu. Baba akaondoa tenga, akamshika mbawa, akamgeuza kuelekea kibla. Kishingo hakupiga kelele. Yeye aliyekuwa na kelele kwa kila kitu, siku hiyo alinyamaza na kunitazama kwa jicho moja.

"Msimchinje!" nikasema. "Mayai ninayo mimi!"

Kisu kikasimama hewani. "Unayo wapi?" baba akauliza.

Nilikimbia nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti kwenye mchanga na kuanza kuchimba kwa mikono miwili, mchanga unaruka hadi kwenye nywele, nikatoa la kwanza, nikatoa la pili. Waliponifikia, baba bado kamkumbatia Kishingo kifuani, nilikuwa nimeshayapanga manne. Yalikuwa kumi na mawili kwa jumla. 

"Kwa nini, mwanangu?" Mama alikuwa amekuja taratibu, kashikilia ukuta.

Kilio kikanijia kwa mpigo. "Ili mtoto asitoke kipara! Ukila mayai atatoka kipara kama goti, na mie nitamsuka nini?"

Baba aligeuka upande wa pili, mabega yakaanza kumcheza, na Kishingo akacheza nayo. Mama hakucheka. "Nani kakwambia maneno hayo?"

Nilijua jibu. Bi Tatu alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi. Sikumtaja, mtu mzima hatajwi, lakini macho yangu yalikwenda yenyewe, na mama akayafuata, akafika yalikofika, akayarudisha haraka chini kana kwamba hakuona kitu.

"Basi nikwambie," mama akasema, akakaa pale pale mchangani karibu nami. "Mimba yako nilikula mayai mpaka baba yako akawa ananiita kenge. Umetoka na nywele hizi hizi zinazonivunjia vitana. Hebu zishike."

Nikazishika. Zilikuwa nyingi, na zilijaa mchanga.

Bi Tatu akasafisha koo. Nilitegemea atakaripia. Badala yake akachuchumaa, akachukua yai moja, akalifuta kwa ncha ya kanga yake.

"Mie niliambiwa na mama," akasema, na hakuwa anamwambia mtu hasa. "Na mama kaambiwa na mama yake. Nimezaa watano, sikugusa yai kwa hata mmoja. Wa tatu nilizimia kama alivyozimia huyu jana, mara mbili. Na nilikuwa nayatamani! Nikipita mahali yanakaangwa, machozi yananitoka." Akalitazama lile yai. "Sasa wanangu wote walizaliwa na nywele, nikajua ndiyo maana."

Baba, ambaye alikuwa ameshaacha kucheka, akamfungua Kishingo miguu. Kuku akajikung'uta, akapiga hatua tatu za heshima, halafu akaingia kwenye mchanga niliouchimba na kuanza kuoga.

Bi Tatu ndiye aliyeshika usukani baada ya hapo. Akaagiza ndoo ya maji, akayatia mayai yote. Saba yakazama, matano yakaelea.

"Yaliyoelea ni viza. Kayafukie mbali, na safari hii uyafukie kweli," akaniambia, na ndipo watu wote wanne tukacheka kwa pamoja.

Mawili mazima alimkaangia mama hapo hapo, kwenye jiko lililokuwa limewashwa kwa ajili ya kumnyonyoa Kishingo. Matano mazima yaliyobaki akasema ni ya mkate wa mayai. Alivunja kila moja kwenye kikombe kwanza, akanusa, ndipo akamimina kwenye bakuli. Akanipa mchapo wa kupigia mayai. "Aliyeyaficha ndiye atakayeyapiga. Usisimame hadi nikwambie." Nilipiga mayai na sukari mpaka mkono ukafa ganzi, povu likapanda, likawa jeupe, likawa zito. Akanyunyiza unga kidogo kidogo, akageuza kwa mwiko bila haraka, akatia iliki aliyoitwanga yeye. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko. Harufu ile ilipotoka, wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo.

Mkate ulitoka umevimba, wa dhahabu, umepasuka kidogo katikati. Mama alikula vipande vitatu. Bi Tatu alikula kimoja, polepole, amesimama, na sikuwahi kumwona akila kitu kwa makini vile.

Kuanzia siku hiyo yai la Kishingo lilitoka kiotani likaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mama, na mie nilisimama mbele yake hadi alimalize. Rangi ilimrudi. Aliacha kushikilia kuta. Nesi mwenye chunusi alimwandikia kitu kwenye kadi, baba akakisoma mara mbili, akaniambia, "Umepasi."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mnene. Walipofika nyumbani nilikuwa wa kwanza kupanda kitandani. Nikafunua kanga taratibu kuanzia kichwani.

Hakuwa na unywele hata mmoja.

Kichwa kilikuwa cha mviringo, kinang'aa, kama goti kabisa. Nilinyanyua macho. Bi Tatu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, naye ameona. Tukatazamana. Akabana midomo, mie nikabana yangu, na mama akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mtu yeyote akifungua mdomo hapa," akasema, "namtoa nje."

Siku ya arobaini Bi Tatu alikuja na wembe mpya na bakuli la maji, kama ada inavyotaka. Wageni wamekaa mkekani. Akampakata mtoto, akakilowesha kichwa, akakigeuza huku na huku akitafuta pa kuanzia. Mwisho akasoma bismillahi kwa sauti, akapitisha wembe hewani, akaufuta kwenye kitambaa, akasema amemaliza. Baba ilibidi atoke nje. Nywele zenyewe zilikuja kuanza baada ya miezi mingi, na zilipoanza hazikujua kusimama; nimezisuka mpaka vidole vimeota sugu.

Lakini kabla hazijaanza, mtoto akiwa bado na kichwa chake kile cha kung'aa, binti mkubwa wa Bi Tatu, Zuwena, aliyekuwa ameolewa Manzese, alirudi kwa mama yake kujifungulia mimba yake ya kwanza. Nilimwona amekaa barazani, miguu imevimba. Mchana huo nimetoka shule, nimeshapiga magoti mbele ya banda, nikasikia naitwa kutoka kwenye michongoma.

"We mtoto."

"Abee, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako kaniruhusu nichukue mayai ya Kishingo, ya Zuwena. Niletee."

Nilimtazama. Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama pale uani, jua linampiga utosini. Nikashusha sauti, maana nilikuwa nimeshajifunza kwamba mambo mengine hayasemwi kwa nguvu.

"Lakini bibi, si unaona? Na wa Zuwena akitoka kipara?"

Bi Tatu naye akamtazama mtoto.

"Nywele zitaota," akasema. "Lete mayai."

Nikarudi bandani na kupenyeza mkono. Kishingo alikuwa bado amekaa kiotani, amenuna, hajamaliza. Nikatoa mkono, nikachuchumaa pale mlangoni, nikamsubiri.